Mkono Tulioutunza kwa Ajili ya Sindano

Mgeni rasmi, Daktari Mkuu wa hospitali yetu. Wauguzi, jamaa na majirani mliofika,

MAKARIBISHO
Sisi wanakikundi wenye pumu ya ngozi tumefurahi hadi tumesahau kujikuna. Umeketi katikati yetu bila kusogeza kiti, nasi tumeliona hilo. Karibu sana.

HISTORIA
Tulianza watu wachache nyuma ya kibanda cha kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, tukipeana habari za mafuta yasiyowasha. Siku moja muuguzi wa benki ya damu alitueleza kwamba ugonjwa huu hauambukizi, na kwamba tunaweza kuchangia damu, mradi dawa zetu zikaguliwe na pale inapoingia sindano pasiwe na kidonda. Tangu hapo kila mmoja wetu ana mkono mmoja anaoulea kama mtoto mchanga. Hatuukuni hata uwashe vipi.

MAFANIKIO
Mara ya kwanza tulipitiliza. Tulijipaka mafuta asubuhi ile ile, tukafika tunameremeta, plasta zikawa zinateleza tu. Muuguzi akasema, "Jamani, nimekuja kuwatoa damu au kukaanga samaki?" Siku hizi tunajipaka usiku, asubuhi tunakuja wakavu, na damu haikusanywi mtaa huu bila sisi kuwepo. Tunajivunia hilo, tena sana.

CHANGAMOTO
Mlangoni kwenu tunatazamwa shingo na uso kabla ya mkono. Jana mwenzetu, mama fundi cherehani, alikwenda kumchangia damu binti yake aliyelazwa kwako akisubiri upasuaji. Hata hajakunja mkono wa gauni, akaambiwa, "Mama, nenda kwanza upone, halafu urudi." Alirudi nyumbani na damu yake. Tuliumia wote.

OMBI
Hatuombi jengo wala dawa. Tunaomba watu wapimwe kabla ya kurudishwa. Na kwa kuwa vitanda vya kuchangia damu viko hapa leo, tunaomba mama fundi awe wa kwanza, na mkono wake uutazame wewe mwenyewe. Ukiona haufai, tutakubali. Ila asiambiwe tena asubiri kupona. Ugonjwa huu tutazeeka nao. Upasuaji wa binti yake ni keshokutwa.

Mungu akupe afya, wewe na wote walio mikononi mwako.

Ni sisi,
Kikundi cha Hatuambukizi