Loveday Nance, Roho ya Tatu

Sogeeni karibu, ndugu na majirani, wenye watoto wanyamazisheni, na wewe Bw. Skewes, mjumbe wa msimamizi wa bwana, usisimame huko langoni kama mgeni, njoo usikie kwa masikio yako, maana leo tunasoma habari za Loveday Nance, na tarehe zake tutazitaja zote kama zilivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1741, hapa hapa Pengarrick, Cornwall, mtoto wa pili na wa mwisho wa Digory Hocking, mchimba bati, na mkewe Tamsin, mwaka ule ule baba yake alipoisimamisha nyumba yetu kwa mikono yake, akiukanyaga udongo na majani makavu kwa miguu, juu ya ardhi isiyo yake. Bwana mwenye ardhi alimpa karatasi ya roho tatu, maana yake nyumba ni yenu maadamu mmoja wa watu watatu walioandikwa angali anapumua, wa mwisho akikata roho, nyumba na kila kilichopigiliwa msumari kinarudi kwa bwana. Digory akajiandikisha mwenyewe, akamwandikisha mwanawe Pascoe, na kwa roho ya tatu akamnyanyua mtoto wa wiki tatu mbele ya msimamizi akasema, "Mwandike huyu, sikia anavyolia, huyu atatuzika sote," na kweli akawazika.

Alisoma kwa Bi Grace Tripp majira mawili ya baridi, 1748 na 1749, akajua kusoma bila kujua kuandika, na kitabu alichosomeshwa nyumbani kilikuwa ile karatasi, baba akimpitisha neno kwa neno, kushika, kukaa, kurithisha, na lile la mwisho, kurudisha, akilifunika kwa kidole gumba, "Hilo bado, binti yangu, hilo si la leo."

Tangu 1753 alivunja mawe ya bati kwa nyundo mgodini, akijulikana kwa mkono mzito na ulimi mwepesi, na tarehe 9 Juni 1764 aliolewa na John Nance katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Jenifer mwaka 1766 na Hannibal mwaka 1769. Digory alitutoka 1771 kwa kifua, John akamfuata 1788, na tarehe 4 Oktoba 1790 kamba ya mgodi ilikatika ikaondoka na Pascoe, mume wa Zenobia, wifi ya marehemu, ambaye ndiye anayewasomea. Siku ile ikabaki roho moja.

Basi akanyang'anywa nyundo, akakatazwa mkokoteni, akakatazwa ngazi, hata kisimani akawa haendi, sisi tukinywa uji wa shayiri yeye akipewa yai, na akikohoa nyumba nzima inaweka vijiko chini, naye akitucheka, "Mnaninenepesha kama bata bukini wa Krismasi, na mchinjaji mwenyewe hamtaki afike!"

Kicheko kilikwisha Novemba 1793, Jenifer alipoanguka kwa ndui kijiji cha pili, mwendo wa saa moja, akatuma mtu kumwita mama yake. Hannibal alifunga mlango kwa kitasa, "Mama, ukitoka, na paa letu linatoka," na Zenobia akaburuta sanduku akalikalia mlangoni, na siku mbili mama akagonga mbao kwa ngumi, "Mwanangu ana kiu, wifi, nifungulie, mwanangu ana kiu." Jenifer alifariki tarehe 23, akazikwa hapa pembeni, na mama yake hakuwepo. Tangu hapo hakusema tena nyumba yetu, alisema hiyo nyumba yenu.

Januari mwaka huu alishikwa na kichomi, na kila asubuhi Bw. Skewes alisimama barabarani akaita, "Bibi, umeamkaje?" naye akajibu kwa pumzi aliyokuwa nayo, "Nimekula yai zima, kamwambie bwana wako!" Baraza la ardhi lilikuwa likae Jumatano tarehe 12 Februari, bwana amekubali kuandika roho mpya, kitukuu cha marehemu, Keren wa miezi mitatu, kwa sharti bibi awe hai siku hiyo, nasi tukampashia matofali ya kumkanda miguu, tukamtilia mchuzi mdomoni tone kwa tone, tukihesabu siku. Yeye alimshika Zenobia mkono, "Wifi, nikifa semeni nimekufa, mlinifungia mara moja, msinifungie tena."

Loveday Nance alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 1817, adhuhuri, si tarehe 13 kama mchungaji alivyoandika, aliandika hivyo kwa kuwa ndivyo tulivyomwambia. Hannibal alipiga magoti, "Mama Zenobia, siku moja tu, Mungu atupe siku moja!" na Mungu alipokaa kimya tukajipa wenyewe, tukamvika kofia yake nyeupe, tukamketisha dirishani, na Jumatano asubuhi Bw. Skewes alipoita, sauti iliyosema amekula yai zima ilikuwa ya Zenobia, nyuma ya pazia, ameushika mkono uliokwisha kuwa baridi, na mchana ule baraza likamwandika Keren. Usinivute shali, Hannibal, mwanangu, najua ninachokibomoa, lakini mama yako hakuwa na kitu kilicho chake mwenyewe ila siku aliyokufa, na hiyo nayo tuliiiba.

Familia inamshukuru Daktari Rosewarne, majirani waliotuletea kuni, akina mama wa mgodini waliombeba hadi hapa, na mchungaji, ambaye tunamwomba afute na aandike upya.

Nyumba ameirithi bwana, pamoja na ng'ombe bora zizini kama desturi ilivyo roho ya mwisho inapokatika, Bw. Skewes achukue ufunguo leo, Hannibal amerithi njia na watoto saba, Keren amerithi kofia nyeupe, Zenobia amerithi sauti ile na hataitumia tena, na Loveday amepata nafasi ubavuni kwa Jenifer, ambako amechelewa miaka ishirini na mitatu.

Pumzika kwa amani, wifi, mlango tumeufungua.