Mjukuu Mgongoni, Saa Nne Asubuhi

Batata na bamama, wazazi wenzangu wa kikundi chetu cha sala, wengi mnanijua. Nachimba madini huko Mutoshi, na kusema watu ninapenda. Leo nitajisema mwenyewe.

Binti yetu alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize sekondari alipopata mimba. Vitabu vyake nilivitia kwenye gunia la madini nikalifunga. "Masomo imeisha," nikamwambia. "Utafuata wenzako kuosha mawe ya madini." Miezi mitano sikumsalimu ndani ya nyumba yangu. Ndugu zangu, nawaambia, nilidhani nalinda heshima. Kumbe niliogopa tu maneno ya wenzangu wa shimoni.

Mtoto akazaliwa. Mke wangu hakuniomba ruhusa. Alikwenda kwa mama prefe, mkuu wa shule, akarudi akaniambia: "Mama prefe amesema arudie. Saa ine, wakati banapumzika, nitamupelekea mutoto anyonye." Ikawa hivyo kila asubuhi. Mimi nikajifanya sioni.

Kisha malaria ikamwangusha mke wangu. Siku hiyo nilikuwa nyumbani, maji yalikuwa yamejaa shimoni. Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka.

"Tata, mi siwezi kusimama," mke wangu akasema. "Mupeleke."

"Mi? Batu banione na mutoto mu mugongo?"

"Basi umunyonyeshe weye."

Chekeni tu. Mimi sikucheka. Nilimfunga kwa kitenge, vibaya, mguu mmoja ukining'inia. Nilipita mbele ya wachimbaji nikitazama chini. Mmoja akaita, "Mama mupya!" Wote wakaangua kicheko. Langoni mwa shule, mama anayeuza mikate alinifungulia kile kitenge akakifunga upya, bila kuniuliza kitu.

Binti yangu akatoka. Aliponiona akasimama pale pale, akaanza kulia. "Mama amekufa?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipovunjika. Kwa mtoto wangu, ilikuwa rahisi kuamini kwamba mama yake amekufa kuliko kwamba baba yake amemletea mtoto.

"Mama iko nyumba, anagonjwa kidogo," nikamwambia. "Nyonyesha mutoto, urudie mu klasi. Kesho mi nitakuya tena."

Nilikwenda siku tisa za shule mfululizo. Hata mke wangu alipopona, siku ambazo sichimbi zilikuwa zangu. Wenzangu walicheka wiki moja, wakachoka.

Mwaka huu matokeo ya mtihani wa serikali yakatoka. Binti yangu alipita. Majirani, kwa kushangilia, walimmwagia poda kichwani mpaka nyusi zikawa nyeupe, na mimi pia hawakuniacha.

Namshukuru mama prefe aliyemfungulia mlango. Namshukuru mama wa mikate. Namshukuru mke wangu, ambaye hakungoja mpaka mimi nielewe. Na ninyi batata, kama jambo hili limeingia kwenu, mrudisheni binti masomoni. Atahitaji mtu wa kumshikia mtoto, na mtu huyo anaweza kuwa na ndevu.