Bakuli Ambalo Bi Gongagonga Hakulisikia

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka muuza vyombo wa sokoni. Wateja walimwita Bi Gongagonga, na Jumanne tulimzika.

Kwa nini Gongagonga? Kwa sababu hakuuza bakuli la kioo bila kuligonga. Alilishika kwa vidole viwili, akaligonga kwa ukucha, akatega sikio. Likilia kama kengele, ni zima. Likitoa mlio mfu, lina ufa, hata kama jicho halioni. Na mteja akikimbilia lenye maua, alimkatiza: "Maua utayala? Chukua hili nene, tena bei yake ndogo. Tazama kitako, kiko sawasawa. Lina masikio ya kushikia. Hili litakuzika wewe!"

Binti yake anasema: "Mama aliogopa kioo kuliko nyoka. Tulimcheka, mpaka siku ile."

Siku ile seremala wa jirani alikuwa anapasua mbao kwa mashine. Kelele tupu! Mke wa fundi cherehani akaja mbiombio, anataka bakuli la kuokea. Bi Gongagonga akagonga, asisikie kitu. Akaona haya kumchelewesha mwenzake. Akaliuza. Narudia, wasikilizaji: aliliuza bila kulisikia.

Mashine iliponyamaza, akagonga yaliyobaki kwenye boksi lile. Dufu. Jingine, dufu. Kumbe boksi zima liliangushwa njiani! "Mungu wangu, nimeua watu!" Akaacha duka wazi, kandambili mkononi, akatimua mbio.

Njia nzima aliulizia nyumba ya fundi cherehani. Kila mtoto aliyemsikia akilia, alidhani ndiye aliyepasukiwa na bakuli.

Alipoingia jikoni, bakuli lilikuwa ndani ya oveni, limepata moto sana. Mbele ya oveni alikuwa amechuchumaa msichana mdogo, pua karibu iguse mlango, anachungulia chakula. Nyuma yake bibi yake, mama mkwe wa yule mnunuzi, ameshika kitambaa kinachochuruzika maji, tayari kulitoa.

"Usiguse!" Alizima oveni, akamvuta mtoto mpaka sebuleni, akawatoa wote, akafunga mlango wa jikoni.

"Wewe mama una wazimu?" bibi alifoka. "Chakula kitaharibika!"

"Acha kiharibike! Bakuli lina ufa. Likiguswa na kitambaa kibichi, litampasukia mtoto usoni."

Wakakaa sebuleni. Bibi kanuna. Mtoto analia njaa. Hata Bi Gongagonga mwenyewe alianza kujiuliza kama kweli hana wazimu.

Halafu, paa! Vipande vikamwagika ndani ya oveni, vikagonga mlango wake. Bibi alimkumbatia mjukuu wake, akashindwa kumwachia.

Wasikilizaji wapendwa, Bi Gongagonga amefariki kwa maradhi ya moyo. Kwa binti yake na familia nzima, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Mungu ampumzishe.

Msichana yule sasa ni mama wa watoto. Ametupigia simu asubuhi. "Alinivuta mkono kwa nguvu mpaka nikamchukia," alisema. "Mimi nilitaka tu kuona chakula kinavyochemka."

Basi leo, kabla hujafungua oveni yako, geuka utazame. Nani amechuchumaa hapo?