Fundi Randa na Mlango Alioung'oa

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, binti yake mkubwa, niwasomee maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Randa, na nawaomba radhi mapema, kwa kuwa yamo maneno humu yatakayowachoma baadhi ya waliokaa viti vya mbele.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya saba wa mama dobi na baba mwashi, katika chumba kimoja ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Alianza shule ya msingi Januari 1959, akaiacha Oktoba 1964 baba yake alipoanguka kutoka juu ya jengo akafariki, akapelekwa kwa mjomba wake seremala, ambako miaka miwili ya mwanzo hakugusa msumeno, alifagia vumbi na kunyoosha misumari iliyopinda, mjomba akisema mkono usiojua kusubiri hukata kidole chake wenyewe.

Tarehe 3 Julai 1972 alifungua karakana yake nyuma ya stendi ya mabasi, akiwa na randa moja, patasi mbili na meza aliyoiunda mwenyewe, na haba na haba ikajaza kibaba, hata kufikia mwaka 1988 alikuwa na kiwanda cha samani chenye wafanyakazi mia moja na arobaini, thelathini kati yao viziwi. Wafanyabiashara wenzake walipomcheka, aliwajibu kwamba katika kelele za mashine zile kila mtu ni kiziwi, hao angalau wanajua kuzungumza kwa mikono. Waliomcheka ndio waliomchagua kuongoza chama chao vipindi vitatu, na kila Desemba shule mbili zilipokea madawati kutoka kwake, bila bango wala mpiga picha.

Alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, tarehe 9 Agosti 1975, wakajaliwa watoto watano. Wa kwanza, wa kiume, alizaliwa tarehe 2 Mei 1977 juu ya benchi la hospitali, kwa sababu vitanda vilijaa, akaishi saa moja. Baba alimchongea jeneza mwenyewe, na tangu siku ile hakutengeneza jeneza tena, hata aombwe na nani.

Ndiyo maana Januari 2011 alianza kujenga, katika hospitali ileile, wodi ya wazazi yenye vitanda kumi na viwili, milango akaichonga kwa mkono wake, akaikabidhi tarehe 23 Novemba 2012. Wakubwa wa serikali waliipokea, wakaifunga, wakasema inasubiri mgeni rasmi aje akate utepe. Ikasubiri miezi kumi na minne! Mara mgeni yuko safarini, mara mgeni amebadilishwa, huku akina mama wakilala wawili wawili kitanda kimoja, na panya wakizaa ndani ya wodi mpya bila kusubiri utepe wa mtu.

Alhamisi tarehe 6 Februari 2014, saa nne asubuhi, mfanyakazi wake wa kupaka vanishi alikuwa anajifungua kwenye benchi, hatua sita kutoka mlango ule. Baba aliitwa, akafika na bisibisi, akaanza kufungua bawaba.

"Mzee, usiniponze," mlinzi akamsihi. "Humu haingii mtu mpaka mgeni rasmi aje."

"Mgeni rasmi ndiye huyu anakuja, mwanangu. Mpishe, ameshatoa kichwa."

Mtoto wa kike alizaliwa kwenye kitanda namba moja, akiwa mzima, na wauguzi wakahamia humo siku ileile. Baba akawekwa mahabusu siku tatu kwa kuharibu mali ya umma, yaani mlango aliouchonga yeye, kesi ikapigwa danadana miezi kumi na mmoja hadi ikafutwa, na mpaka anafumba macho hakuna aliyefungua kinywa kumwomba radhi.

Novemba 2021 alianza kukohoa, ikabainika kwamba vumbi la mbao limeharibu mapafu yake. Alilazwa tarehe 30 Mei 2024, akafariki Jumatano tarehe 12 Juni, saa nane mchana, mama akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Jana maofisa wawili walikuja nyumbani na historia ya baba waliyoiandika wao, iliyochapwa tayari, isemayo kwamba marehemu alishirikiana nao bega kwa bega, na kwamba wodi itapewa jina lake. Mama aliisoma yote, akavua miwani, akasema, "Wanangu, chai mtakunywa, karatasi mtarudi nayo." Jina ukutani hatulitaki. Tunataka wodi ya watoto, iliyomalizika Machi mwaka huu na hadi leo imefungwa ikisubiri mgeni, ifunguliwe Jumatatu, maana mafundi wa baba wako hapa, na hakuna hata mmoja asiye na bisibisi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania hadi pumzi ya mwisho, majirani waliotupikia na kutufulia kama ndugu wa tumbo moja, wanachama wenzake, na wafanyakazi waliopokezana zamu kuliranda jeneza hili. Wengine mmekuja kuzika, asanteni kwa kufika, zaidi ya hapo hatuna.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa. Pumzika kwa amani, baba. Sisi bado tuna kazi.