Miako Sirom na Jukwaa Lililopinduliwa

Baba Paroko, ndugu waombolezaji, wakwe zetu, na majirani wote wa mtaa huu wa Kalihi mliokesha nasi, mimi naitwa Resty Rewis, marehemu alikuwa mke wa kaka yangu, na kwa kuwa sina damu ya ukoo wa Sirom familia imeona ni heri wasifu wake niusome mimi, maana wenye damu yao wangelazimika kuruka baadhi ya mambo, na mimi sitaruka.

Miako Sirom alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 katika kisiwa cha Uman, kwetu Chuuk, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, akiwa mtoto wa pili na binti pekee wa mzee Sirom na mama Rosinta, akitanguliwa na kaka yake, Shemasi Kachuo Sirom, ambaye tunaye hapa kwenye kiti cha mbele. Tangu alipoanza kutembea alifundishwa kile ambacho kila msichana wa kwetu hufundishwa, kwamba kaka akiwa ameketi dada hasimami, anapita ameinama, na nafasi ikiwa finyu anatambaa. Marehemu hakuikataa heshima hiyo hata siku moja, na ninaomba hilo likumbukwe, kwa sababu katika mji huu yamesemwa mengine.

Alisoma shule ya msingi Uman kuanzia mwaka 1967, akaendelea na sekondari kwenye kisiwa kikuu cha Weno, akahitimu Juni 1979, na mwaka uliofuata akarudi kijijini kuwa mwalimu, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na saba, akijulikana kama mwalimu aliyewafanya watoto waigize somo la historia badala ya kulikariri, hadi wazazi wakawa wanaacha shughuli zao kuja kuchungulia madirishani.

Tarehe 9 Juni 1984 alifunga ndoa na kaka yangu Ansito Rewis, fundi wa injini za boti, mtu mpole asiye na maneno mengi, wakajaliwa watoto wawili, Merlinda, aliyezaliwa mwaka 1986, na Kasio, aliyezaliwa mwaka 1989. Mwaka 1997 figo za Ansito zilianza kushindwa, na kwa kuwa kwetu hakukuwa na mashine ya kusafisha damu, tarehe 3 Machi 1998 walipanda ndege kuja Honolulu, wakaacha nyumba, bustani ya mashelisheli, na heshima yao yote, kwa sababu hapa mwalimu Miako akawa mtandika vitanda wa hoteli huko Waikiki, na akasikia kwenye basi maneno ambayo sitayarudia mbele ya msalaba, yakisemwa na watu walioketi, kwa mwanamke aliyesimama na mifuko miwili ya mchele.

Miaka saba alimsindikiza mumewe kliniki, akaketi naye kwenye benchi la kusubiri, akamwona akiitwa wa mwisho, akirudishwa kwa sababu mkalimani hakuja, akiulizwa kila mara kwa nini watu wenu mnaugua sana. Siku Ansito alipozidiwa, Miako alitaka kusimama pale dirishani kwa karani wa kliniki aseme neno, lakini neno la Kiingereza halikuja, akabaki ameketi, na tarehe 22 Novemba 2005 Ansito akafariki. Sisi tuliokuwa karibu naye tunajua kwamba kuanzia siku hiyo alikuwa na deni moja tu duniani, kusimama na kulisema neno lile.

Ndipo mwaka 2006 kikazaliwa kikundi cha michezo ya kuigiza cha ukumbi huu tulimoketi sasa. Miako hakuandika mchezo na kuwagawia watu maneno, aliwaita wagonjwa, wake zao, watandika vitanda wenzake, walinzi wa magari, akawapikia, akawaketisha kwenye mikeka na kuwaambia kila mmoja aonyeshe kilichompata. Mama Akosia, mwenye miaka sabini wakati huo, alikataa kabisa, akasema, “Mimi sijui kuigiza, mimi kazi yangu kusubiri tu.” Miako akamjibu, “Basi subiri hivyo hivyo, mama, ila subiri kwa sauti.” Mchezo ukapata jina lake hapo, Benchi, na mimi nikapewa nafasi ya karani wa dirishani, ambaye kazi yake yote ni kusema hapana, na wengi wenu mpaka leo mkikutana nami dukani mnanitukana kwa utani.

Lakini waigizaji wetu karibu wote walikuwa dada za watu, na kaka zao ndio waliokuja kutazama, sasa dada atasimamaje jukwaani na kaka yake ameketi chini yake? Miako alilimaliza jambo hilo bila kikao wala ugomvi, aliupindua ukumbi. Kaka wote walipanda na viti vyao juu ya jukwaa, sisi tukacheza chini sakafuni, na mwisho wa mchezo, mke wa mgonjwa anapoinuka kutoka kwenye benchi kusema neno lake, kaka nao waliinuka kule juu, wote kwa pamoja, ili dada aweze kusimama. Hakuna aliyewaagiza kwa sauti, walijua wenyewe, na nimeona wanaume wa makamo wakisimama pale huku machozi yanawatoka. Shemasi Kachuo hakuja hata mara moja, alisema ana majukumu ya kanisa.

Mwaka 2013 jumba kubwa la maonyesho mjini likatualika. Mkurugenzi wa jumba hilo alisema watazamaji hawawezi kukaa jukwaani, kanuni za usalama haziruhusu, na Miako akakubaliana naye kwamba kaka zetu wasimame nyuma ukutani, wabaki wamesimama mchezo mzima, nao wakakubali kwa moyo mmoja. Kisha akaenda mwenyewe nyumbani kwa Kachuo, akaingia ameinama, akamwomba aje, safari hii tu, na Kachuo akaahidi kuja na kusimama.

Tarehe 12 Oktoba 2013 alikuja kweli, na shati jipya la maua. Mhudumu wa jumba lile, kwa nia njema tu, alimwonyesha kiti laini cha safu ya kwanza chenye kikaratasi cha mgeni wa heshima, na Kachuo, aliyekuwa ameahidi ukuta, akaketi. Sisi tulimwona kutoka jukwaani. Miako, aliyekuwa mke wa mgonjwa usiku huo, alicheza akiwa kwenye benchi hadi mwisho, akageuza macho kumtazama kaka yake, akangoja, mimi nikasema hapana yangu mara ya pili ili kumpa Kachuo muda, wanaume wote wa ukutani wakawa wanamtazama yeye, na Kachuo akakunja miguu. Basi Miako akashuka kwenye benchi kwa magoti, akatambaa hadi dirishani, na neno alilolibeba miaka minane akalisema akiwa sakafuni, na mimi karani nikawa namwinamia kumsikia.

Wageni walipiga makofi mpaka wakachoka. Gazeti likaandika kwamba kule kutambaa ndiko kulikokuwa kilele cha mchezo, kwamba kumeonyesha unyonge wa wahamiaji wote, na mkurugenzi akamtaka arudie hivyo hivyo kila onyesho. Miako akakataa, na mwaliko ukaishia hapo. Kachuo naye akasema kanisani kwamba dada yake amemdhalilisha mbele ya wazungu, akasema, “Sikumtuma apige magoti mimi.” Habari zilipomfikia, Miako alikuwa anamenya shelisheli, hakuinua hata kichwa, akasema, “Angesimama tu. Miguu si anayo?” Ndugu wengine wa ukoo wakawatoa mabinti zao kikundini, na tuliobaki tukaendelea kucheza hapa mpaka Desemba 2019, lakini Benchi hatukulicheza tena, alilikataza.

Marehemu aliugua sukari kwa muda mrefu, na mwaka 2020 figo zake zikaanza kufuata njia ya zile za mumewe, akarudi kliniki kuketi kwenye benchi, safari hii mwenyewe. Alifariki tarehe 6 Februari 2022, alfajiri, akiwa na Merlinda na Kasio, ameacha watoto hao wawili, wajukuu watano, na kaka mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, watandika vitanda wenzake waliogawana zamu zake bila kuulizwa, majirani waliopika, waigizaji wote wa kikundi, na mhudumu yule wa jumba, ambaye hakujua, na amekuja leo.

Ndugu zangu, jeneza la Miako liko juu ya meza, na kwa mila yetu dada hawezi kuwa juu ya kaka aliyeketi. Tungeweza kuliteremsha sakafuni, wabebaji waliniuliza hilo asubuhi, nikawaambia hapana, na ni hapana yangu ya mwisho kama karani. Kwa hiyo, Shemasi Kachuo, shemeji yangu, tutangoja, ukumbi mzima utangoja, hakuna atakayelishika jeneza hili mpaka usimame.

Pumzika, Miako, na usiiname tena.