Malimi Mayunga, Aliyewapikia Maksai Akidhani Anapikia Uyoga

Ifikapo tarehe 30 Juni 1999, Bwana Malimi Mayunga atakabidhi funguo za stoo na koti la mvua lenye matundu, baada ya kuwa bwana shamba hapa Bariadi kwa miaka thelathini na miwili. Stoo yenyewe haina kitu, kwa hiyo makabidhiano yanatarajiwa kuwa mafupi.

Aliajiriwa wakati pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja na maofisa wengi. Likaja soko huria, pamba ikanunuliwa na kila mwenye mizani, na wenzetu wengi wakapunguzwa kazi kwa shukrani nyingi. Malimi hakupunguzwa. Wakubwa walimpa jukumu jipya la kufundisha kilimo cha uyoga majumbani, bila pikipiki, bila posho na bila yeye mwenyewe kuwahi kuotesha uyoga. Alikubali siku hiyohiyo. Ndivyo alivyo, hajui kukataa, na ofisi yetu imelitumia hilo vizuri sana.

Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa kikundi cha akina mama wa Ngulyati, mwenyekiti wao Justina. Justina alikuwa amemwomba baba mkwe wake, Mzee Mihayo, banda la ndama wapate mahali penye giza na ubaridi. Mzee alitoa kwa sharti moja: mvua za kwanza zikinyesha bila uyoga kuonekana, ndama wanarudi na kikundi kinakwisha. Kwa mwanamke aliyeolewa kwenye mji wa watu, kupewa banda si jambo dogo, na kunyang'anywa mbele ya wote ni aibu ya kudumu.

Malimi akaanza kazi. Makapi ya mbegu za pamba na mabua ya mpunga yaliyokatwakatwa, yote yakalowekwa, yakachanganywa na pumba, yakapikwa kwenye pipa kwa mvuke hadi vijidudu vikaomba radhi. Maelekezo yalitaka na chokaa kidogo. Chokaa haikuwepo. Mtu mwingine angeahirisha, lakini Malimi ni mtoto wa wafugaji, na nyumbani kwao kitu cheupe cha unga kinachowekwa kwenye pumba ni kimoja tu. Akatia magadi ya ng'ombe, yale wanayoyalamba kama chumvi, tena kwa mkono mkunjufu, kisha akaanika mchanganyiko wote juu ya turubai uwanjani upoe na kuchuja maji hadi asubuhi.

Palipokucha turubai lilikuwa safi kama sahani iliyolambwa, na maksai wa Mzee Mihayo walikuwa wamelala pembeni wakicheua kwa heshima. Justina alimpokea mwalimu wake kwa salamu kamili ya asubuhi ya Kisukuma: “Mwangaluka, baba. Uyoga wako umeshavunwa.”

Mara ya pili hakutia magadi. Maksai walikuja hivyohivyo, maana ng'ombe akishakula karamu mahali hasubiri mwaliko. Mzee Mihayo aliuliza: “Mnakipika chakula cha ng'ombe, halafu mnamnyima ng'ombe?” Taarifa ya Malimi kwa wakubwa ilisema malighafi ya kuoteshea uyoga imepokelewa vizuri na jamii. Walimpongeza.

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na Justina alikuwa ameacha kutania. Hapo ndipo Malimi, bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote, hata ya mkewe Generoza, alipohamishia pipa nyumbani kwake mjini, mbali na maksai, na kutandaza mabua ya moto sebuleni. Generoza alikwenda kwa dada yake huko Lamadi, akaacha ujumbe kwamba atarudi nyumba ikirudi kuwa ya watu. Mchanganyiko ulipopoa, Malimi aliupakia kwenye mifuko ya nailoni, tabaka la mabua, tabaka la mbegu za uyoga, akaipeleka Ngulyati kwa baiskeli, safari baada ya safari, akiwa na umri wa kuitwa babu.

Mvua ya kwanza ilinyesha. Mzee Mihayo alikuja na ndama wake, akafungua mlango, akakuta mifuko imechanua uyoga mweupe kila upande. Kisha akageuka na kuwafukuza ndama wake mwenyewe kwa fimbo. Banda ni la akina mama mpaka leo.

Nafasi ya Bwana Malimi haitajazwa. Tumeelezwa kwamba kazi yake sasa itafanywa na soko. Tulipomfikishia Justina habari hii njema, aliuliza soko linalala wapi, na kama lina sebule.

Baba Malimi, tumekucheka miaka mingi, na tutakukosa kuliko tunavyoweza kusema kwenye karatasi ya sherehe. Ahsante sana. Nenda kwenu Shishiyu salama, uwe na afya, na Generoza akusamehe yote. Kupumzika hatukutakii, kwa sababu akina mama wa Ngulyati wametuomba ramani ya kufika kwako, na tumewachorea.