Marehemu Alexis Lombe na Mipira ya Pedali Aliyoikataa

Padri, ndugu wafiwa, majirani wa Bel-Air, na ninyi mliotoka mbali. Wasifu uliochapwa kwenye programu mnao mkononi. Unasema kaka yangu alifariki "ghafla, kwa sababu ambazo Mungu pekee anazijua." Mimi Ngoie, mdogo wake wa tumbo moja, nimekataa kuusoma. Sababu inajulikana. Ninaijua mimi, na anaijua fundi mmoja aliyesimama pale nyuma. Nitasoma karatasi yangu mwenyewe, na nina hasira, kwa hiyo mnivumilie sauti ikipanda.

Alexis Lombe alizaliwa tarehe 17 Aprili 1971 huko Kabalo, mtoto wa pili wa marehemu baba yetu David, mfanyakazi wa reli, na marehemu mama yetu Lombe. Mwaka 1974 baba alihamishiwa Lubumbashi, na familia ikashuka na treni, godoro moja na kuku wanne. Tulikuwa watoto watatu: yaya Jean-Claude, yaani kaka yetu mkubwa, kisha marehemu Alexis, na mimi niliyezaliwa huku.

Alisoma shule ya msingi ya Wakatoliki pale Kamalondo, kisha shule ya ufundi, ambako alipata diploma ya umekanika mwaka 1991. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Siku moja alifukuzwa darasani kwa sababu alikuwa amefungua kiti cha mwalimu vipande vipande, akitafuta kwa nini kilikuwa kinalia. Alikirudisha, na hakikulia tena, lakini mwalimu alikuwa amesimama saa nzima. Mama alimchapa, halafu akaingia jikoni kucheka ili asimwone.

Mwaka 1992 alianza kazi kwenye gereji ya Mgiriki mmoja mjini, na mwaka 2003 akafungua gereji yake Bel-Air. Moyo wake ulikuwa kwenye magari ya zamani. Watu walimletea Peugeot na Volkswagen za miaka ya sitini kutoka Likasi na hata Kolwezi. Gari likiingia kwake, hata kama ni taa tu iliyoharibika, yeye alianza na pedali. Alipitisha kidole gumba juu ya mpira uliovishwa pedali ya breki. Akikuta mistari imefutika, hukuondoka na gari lako mpaka mpira ubadilishwe. Wakubwa walimgombeza, na yeye aliwajibu kwa upole: "Papa, kiatu na chuma habipatane. Inafaa mupira katikati."

Ilikuwa kazi ndogo, naye aliifanya kwa heshima. Aliingiza kichwa chini ya usukani na kuacha miguu nje ya mlango. Aliubandua mpira wa zamani, akapangusa chuma mpaka kikauke, akaulainisha mpira mpya kwenye maji ya moto yenye sabuni kidogo. Kisha aliuvalisha ukingo mmoja wa pedali, akauvuta kwa vidole mpaka ukingo wa pili uingie. Mafuta hakugusa kabisa, kwa sababu mafuta kwenye breki ni kumsaidia shetani. Mipira ya akiba aliipaka talki, ule unga mweupe wa watoto wachanga, isigandamane, akaifunga kitambaani. Wateja wake mliopo hapa mliuona huo unga kwa macho yenu miaka ishirini.

Ndivyo alivyompata mke. Mwaka 1998 Germaine alipita kwenye gereji ya Mgiriki kuuliza njia, akakuta gari na miguu miwili inayotoka mlangoni. Akaisalimia. Miguu haikujibu. Alidhani mtu amezirai, akavuta, akabaki na kiatu mkononi. Alexis alitoka amenuna, soksi ina tundu.

"Mama, rudisha kiatu yangu."

"Kwanza uitikie jambo."

Walifunga ndoa kanisani tarehe 14 Agosti 1999. Mungu aliwapa watoto watatu, Précieux, Plamedie na Chancelvie. Nimekaa nao nyumba moja miaka sita baada ya mume wangu kufariki, na sijasikia Germaine akimtukana kaka yangu, ingawa kuna siku alistahili.

Mwaka 2009 marehemu alinunua Peugeot 404 nyeupe ya mwaka 1967. Mabibi harusi wengi wa mji huu wamepanda lile gari. Alibadilisha kila kitu kilichochoka ndani yake, isipokuwa mipira ya pedali. Ile ilitoka nalo kiwandani, na yeye alitaka mipira ya namna ile ile, ya origine, yaani ya kiwanda chenyewe, aliyoahidiwa na mtu mmoja wa Liège, ng'ambo. Ilikuwa imelika mpaka inang'aa. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Nilimwambia, akacheka.

Germaine hakucheka. Mwezi wa tisa mwaka huu, akienda Mokambo, mpakani, kununua unga na sabuni kama kawaida yake, alichora pedali zile kwenye kipande cha mfuko wa simenti, akakata mchoro kwa mkasi, akaenda nao. Muuza vipuri wa upande wa Zambia alimtafutia mipira miwili, wa breki na wa klachi. Marehemu aliitazama sana. Nilikuwepo.

"Iko muzuri, Mama Précieux. Lakini si ya origine. Tungojee."

"Unangojea mupira, ao unangojea kifo?"

"Tungojee kidogo tu."

Akaipaka talki kama alivyozoea, akaifunga kwenye kipande chekundu cha kitenge cha mke wake, akaiweka kwenye kisanduku cha mbele cha gari. Ikakaa humo zaidi ya miezi miwili, hatua moja kutoka mahali pake. Alexis, unanisikia huko uliko, nina hasira na wewe pia. Uliwanyima watu funguo zao kwa ajili ya mpira, na wewe mwenyewe ukaendesha juu ya chuma.

Jumamosi tarehe 22 Novemba alitoka Bel-Air peke yake na ile 404 kwenda Ruashi kumchukua bibi harusi. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Alivaa viatu vya sherehe, vya soli ya ngozi, na vilikuwa vimelowa. Mbele yake lori lilisimama kihalali. Alikanyaga breki, mguu ukateleza, na gari likaingia chini ya lori. Aliishi siku nne hospitalini. Jumatatu alipata nguvu ya kusema, nami nilikuwa nimemshika mkono, na muuguzi alikuwepo. Aliniambia, na fre kwetu ni breki: "Muguu iliteleza, Ngoie. Fre ilikuwa muzima. Umuambie Mama Précieux alisema kweli." Alifariki Jumatano tarehe 26 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minne.

Sasa nawaambia yaliyofuata, maana wengi mmeyasikia kwa minong'ono. Alhamisi yaya Jean-Claude alikwenda kwenye gari, akafungua kile kisanduku, akarudi msibani na kifurushi kwenye ncha ya fimbo. Akakiweka mezani mbele ya wazee.

"Muangalie. Kitambaa nyekundu, unga nyeupe, kitu nyeusi ndani. Huyu mwanamuke anaendaka Mokambo kila mwezi. Munataka nini tena?"

Nikamuuliza kama amekifungua chote.

"Miye siguse bitu ya bulozi."

Basi kwa kitu ambacho hakukigusa, eti cha uchawi, walimnyang'anya Germaine ufunguo wa nyumba aliyojenga na mume wake tofali kwa tofali. Wakamhamisha kutoka kwenye mkeka wa wafiwa, wakamkalisha uani, karibu na masufuria, mbele ya watoto wake. Jina lake wakalitoa kwenye programu. Jumatatu ijayo baraza la ukoo linakutana ili arudishwe kwao kama mchawi. Niliwaeleza maneno ya marehemu hospitalini, wakasema mgonjwa alikuwa anaweweseka. Nina miaka arobaini na tisa na sijawahi kuona aibu namna hii katika nyumba ya baba yangu.

Jana mchana nilichukua kile kifurushi pale mezani, mbele ya macho yao, nikaenda nacho kwenye gari pamoja na Jamali, fundi aliyelivuta kutoka chini ya lori. Kwanza Jamali alibonyeza breki kwa mkono, akapitisha kidole gumba juu ya mpira wa zamani. Akasema: "Fre inashika. Mafuta iko. Huu mupira njo ilikwisha, inateleza sawa sahani yenye sabuni." Nikachemsha maji. Nikatia sabuni. Niliingiza kichwa chini ya usukani uliopinda, nikabandua mpira wa kaka yangu, nikapangusa chuma, nikavalisha ule wa Mokambo ukingo kwa ukingo. Ulikaa. Wa klachi nao ulikaa, haukuzidi wala haukupungua, kwa sababu mwanamke alipima kwa mkasi wake ili mume wake asife. Mchawi gani huyo anayeua kwa vipimo vya kuponya? Gari liko nyumbani, uani. Anayetaka akaguse kwa kidole chake mwenyewe. Jamali atamsindikiza.

Marehemu ameacha mke, Germaine. Ninarudia kwa wale walio nyuma: ameacha mke, Germaine, aliyeishi naye miaka ishirini na sita. Mwenye kalamu amwandike kwenye programu yake, juu kabisa. Ameacha watoto watatu, Précieux, Plamedie na Chancelvie, mjukuu mmoja, kaka yake Jean-Claude, na mimi.

Mungu ampokee Alexis na ampe pumziko ambalo sisi ndugu zake hatujampa. Padri, nimemaliza, lakini naomba jeneza lisishushwe bado. Germaine yuko kule nyuma, amesimama peke yake kwenye jua. Yaya Jean-Claude, kiti ulichokalia hapo kando ya jeneza ni cha mke wa marehemu. Simama. Tunakungojea.